Gari Limetoka Gereji na Vipuri Hafifu: Mwenye Bima Afanye Nini?

Mwenye gari aliyekata bima kubwa hutarajia kwamba, likipatwa na ajali, gari lake litarejeshwa katika hali iliyokuwa nayo kabla ya ajali hiyo. Hiyo ndiyo kanuni ya fidia ambayo bima ya mali imejengwa juu yake: mwenye bima hapaswi kupata faida kutokana na hasara, wala hapaswi kubaki na pengo. Hata hivyo, hutokea gari likatoka gereji liking'aa kwa rangi mpya, kisha baada ya wiki chache taa ya mbele ikaingiza maji, boneti ikatikisika katika mwendo wa kasi, au rejeta ikaanza kuvuja. Makala haya yanaeleza haki ya mwenye bima nchini Tanzania katika hali hiyo, na hatua anazopaswa kuzifuata ili aipate.

Kipuri hafifu ni kipi?

Vipuri vya magari vipo vya namna tatu: vipya halisi vya mtengenezaji wa gari, vipya mbadala vilivyotengenezwa na viwanda vingine, na vilivyotumika, yaani vilivyotolewa katika magari mengine. Si kila kipuri mbadala ni kibaya. Magari mengi nchini yaliingizwa yakiwa yamekwisha kutumika, hasa kutoka Japani, na kipuri halisi kilichotumika lakini chenye hali nzuri huweza kukaa vizuri kuliko kipya cha bei ya chini. Kwa hiyo, malalamiko yasiishie katika kusema kwamba kipuri si “orijino”. Maswali yenye uzito ni haya: Je, kipuri kinakaa sawasawa mahali pake? Je, kinafanya kazi ileile kwa usalama uleule? Je, ndicho kilichoandikwa katika makadirio ya matengenezo yaliyoidhinishwa?

Kipuri bandia ni jambo jingine. Hicho hubeba nembo ya mtengenezaji ambaye hakukitengeneza, na kukiuza ni kosa chini ya Sheria ya Alama za Bidhaa ya mwaka 1963. Taarifa zake hupelekwa Tume ya Ushindani (FCC).

Nani anawajibika?

Watu wengi humaliza nguvu zao kwa kugombana na fundi. Ikiwa kampuni ya bima iliamua kulitengeneza gari badala ya kukulipa fedha, na ikakuelekeza katika gereji iliyoiteua yenyewe, basi kampuni hiyo ndiyo inayopaswa kuhakikisha kwamba kazi imefanyika ipasavyo. Andika malalamiko yako kwake. Yenyewe itamalizana na gereji. Lakini ikiwa ulilipwa fedha taslimu, ukachagua gereji na kununua vipuri mwenyewe, dai lako litakuwa dhidi ya gereji au muuzaji.

Kabla ya kulichukua gari

Omba nakala ya ripoti ya mthamini wa hasara pamoja na makadirio yaliyoidhinishwa. Angalia kama aina ya kila kipuri imetajwa. Neno “taa” peke yake halitoshi. Iandikwe kama ni mpya halisi, mpya mbadala au iliyotumika. Soma pia masharti ya mkataba wako, kwa kuwa baadhi ya mikataba huruhusu vipuri mbadala, au humtaka mwenye bima achangie gharama pale kipuri kipya kinapochukua nafasi ya kilichochakaa.

Kagua gari mchana, penye mwanga wa kutosha. Tazama kama nafasi kati ya boneti, fenda na milango ni sawa pande zote mbili. Linganisha taa mpya na ile ya upande wa pili. Soma alama zilizochapwa juu yake. Pitisha sumaku iliyofunikwa kwa kitambaa juu ya bodi ya chuma: mahali isiposhika, huenda pamejazwa puti badala ya kunyooshwa au kubadilishwa. Washa injini na utazame taa ya tahadhari ya mkoba wa hewa: inapaswa kuwaka kwa muda mfupi, kisha izime. Isipowaka kabisa, au isipozima, omba maelezo.

Mwisho wa ukaguzi utapewa hati ya kuridhika na matengenezo ili utie saini. Hati hiyo ndiyo hutumika baadaye kudai kwamba ulikubali kila kitu. Usiitie saini kabla ya kulijaribu gari barabarani. Ikibidi kulichukua gari huku kuna kasoro, ziandike kwenye hati hiyo hiyo juu ya saini yako, kisha ubaki na nakala.

Kasoro ikijitokeza baadaye

Kutia saini hakufuti haki yako kuhusu kasoro ambayo isingeweza kuonekana siku ile. Hata hivyo, ushahidi hupotea haraka. Piga picha za kipuri na namba zake. Usiruhusu gereji nyingine ikiondoe kabla kampuni ya bima haijapewa nafasi ya kukikagua. Pata maelezo ya maandishi kutoka kwa fundi asiyehusika na matengenezo ya kwanza. Ikiwa kasoro inahusu breki, usukani, mikanda ya usalama au mikoba ya hewa, acha kuliendesha gari na utoe taarifa siku hiyo hiyo.

Kisha andika barua kwa idara ya madai ya kampuni ya bima. Simu au mazungumzo na wakala hayatoshi. Barua itaje namba ya mkataba na ya dai, tarehe ya kulipokea gari, kasoro moja moja, na jambo unalolitaka. Tuseme makadirio yaliidhinisha taa mpya halisi ya shilingi 900,000, nawe ukafungiwa taa mbadala ya shilingi 250,000. Unaweza kudai ufungiwe taa iliyoidhinishwa. Au, ikiwa taa iliyopo ni salama nawe unaikubali, ulipwe tofauti ya shilingi 650,000. Dai la namna hii ni rahisi kujibiwa kuliko lalamiko kwamba “gari limeharibiwa”. Weka muda wa kujibiwa, na uhakikishe nakala yako inagongwa muhuri wa kupokelewa.

Usiporidhika na jibu

Omba kampuni itoe msimamo wake wa mwisho kwa maandishi. Ukiupata, au kampuni ikinyamaza, unaweza kupeleka malalamiko kwa Mamlaka ya Usimamizi wa Bima Tanzania (TIRA), inayosimamia kampuni za bima chini ya Sheria ya Bima ya mwaka 2009, au kwa Ofisi ya Msuluhishi wa Migogoro ya Bima (TIO). Huduma ya Msuluhishi haimgharimu mlalamikaji ada, lakini atataka kuona kwamba ulianza kwa kampuni yenyewe. Njia ya mahakama nayo ipo, ingawa huchukua muda mrefu na gharama kubwa zaidi.

Dai lako litakuwa dhaifu ikiwa ulielezwa kuhusu kipuri mbadala ukakikubali kwa maandishi, ikiwa kasoro ilikuwapo kabla ya ajali, au ikiwa umekwisha kukitupa kipuri kinacholalamikiwa. Litakuwa na nguvu ikiwa una makadirio, picha, ripoti ya fundi na barua zenye muhuri. Tunza karatasi hizo pamoja na mkataba wako wa bima hadi gari litakaporudi katika hali uliyolipia kulindiwa.