Oktani na Nguvu ya Gari

Jina "supa", ambalo petroli huitwa vituoni nchini Kenya, huwafanya madereva wengi waamini kwamba kadiri oktani inavyopanda ndivyo gari linavyozidi nguvu. Sivyo. Oktani haipimi nishati iliyomo katika petroli, bali uwezo wake wa kustahimili mgandamizo pasi na kujiwakia yenyewe. Katika kipimo hicho heptani hupewa 0, isooktani 100. Petroli ya oktani ndogo ikitiwa katika injini yenye mgandamizo mkubwa hujiwakia ovyo, injini ikagonga na hata pistoni zikaharibika. Injini ya aina hiyo, hasa yenye tabochaja, ndiyo inayonufaika na oktani ya juu. Gari la kawaida lililoundiwa oktani 91 aghalabu halipati kwa 95 ila gharama. Na kijitabu cha mtengenezaji, ambacho wengi hawakifungui, hutaja kiwango kinachofaa.