AFYA YETU: Tupime Utumbo Mapema, Tujiwekee Akiba ya Chenji



Katika ukurasa huu tumezoea kuzungumza juu ya mishahara, saa za kazi na hatari za mashine. Safari hii tunataka kuzungumza juu ya jambo ambalo wengi wetu hulionea haya, nalo ni habari za choo. Pamoja na hilo tutazungumza juu ya sarafu ndogo zinazobaki mfukoni jioni. Mambo haya mawili huonekana hayana uhusiano wowote, lakini sisi tumejifunza kwa uchungu kwamba yanahusiana sana.

Miaka michache iliyopita mwenzetu mmoja, mkata miwa wa umri wa miaka 52, alianza kuona damu chooni. Hakumwambia mtu. Alikwenda duka la dawa akaambiwa ni bawasiri, akauziwa dawa ya kupaka. Dawa ilipokwisha akanunua nyingine, na nyingine tena. Tulipomwuliza kwa nini anakonda, alisema ni kazi na jua. Hospitali kubwa ilikuwa mbali, nauli hakuwa nayo, na siku asiyokata miwa ni siku asiyolipwa. Miezi minane ikapita hivyo. Alipofikishwa hospitali tumbo lilikuwa limevimba na choo hakipiti kabisa. Madaktari walimpasua wakakuta saratani ya utumbo mpana imekwisha kufika kwenye ini.

Tulimzika. Siku ya msiba mchango wa mabugo ulipatikana kabla ya saa sita mchana, na ulitosha sanduku, lori na chakula cha waombolezaji. Hapo ndipo tulipotazamana. Fedha ya kumzika ilipatikana kwa nusu siku, na nauli ya kwenda kupimwa haikupatikana kwa miezi minane. Makala haya yanatokana na aibu hiyo.

UGONJWA WENYEWE

Utumbo mpana ni sehemu ya mwisho ya njia ya chakula. Una urefu wa kama mita moja na nusu, na kazi yake ni kunyonya maji na chumvi kutoka katika mabaki ya chakula na kuyafanya kuwa choo. Katika ukuta wa ndani wa utumbo huo, hasa mtu anapozeeka, huweza kuota vinundu vidogo. Vingi havina madhara, lakini baadhi hubadilika polepole kuwa saratani. Mabadiliko hayo kwa kawaida huchukua miaka mingi, mara nyingi kama 10 hivi. Katika miaka hiyo yote mtu hasikii maumivu, anakula na kufanya kazi kama kawaida.

Muda huo mrefu una faida kwetu. Kinundu kikigunduliwa kabla hakijaharibika, daktari hukikata na habari huishia hapo. Hata saratani yenyewe, ikikutwa ingali ndani ya ukuta wa utumbo, hutibika. Hesabu za England zinaonyesha kwamba katika wagonjwa 10 waliogunduliwa mwanzoni kabisa, kama 9 huwa hai baada ya miaka mitano. Lakini katika 10 waliogunduliwa saratani ikiwa imekwisha kuenea mbali mwilini, hubaki kama mmoja tu.

Wako wanaosema huu ni ugonjwa wa Wazungu. Maneno hayo yana historia yake. Daktari wa upasuaji Denis Burkitt, mzaliwa wa Ireland, alifika Uganda mwaka 1946 akafanya kazi Lira, na baadaye katika hospitali ya Mulago. Aliona kwamba saratani ya utumbo mpana, iliyokuwa ya kawaida huko Ulaya, ilikuwa haba sana kwa wakulima wa huku. Mwaka 1971 aliandika kwamba sababu mojawapo ni chakula: watu wa huku walikula nafaka zisizokobolewa, maharagwe na viazi, vyakula vyenye makapi mengi yanayoharakisha mwendo wa choo. Lakini huo ulikuwa wakati ule. Leo tunakula unga mweupe, mkate mweupe na soda, na ugonjwa huu umezidi kuonekana mjini Kampala. Kwa dunia nzima, katika mwaka 2020 peke yake, Shirika la Afya Duniani lilihesabu wagonjwa wapya zaidi ya milioni 1.9 na vifo zaidi ya 930,000.

DAMU ILIYOJIFICHA

Kinundu au saratani changa huvuja damu kidogo kidogo, kiasi ambacho macho hayawezi kuona. Ndiyo maana kuna kipimo cha kutafuta damu iliyojificha ndani ya choo. Namna yake ni rahisi. Unapewa kichupa chenye kijiti. Unapata choo chako juu ya karatasi safi au chombo kikavu, bila kuchanganyika na maji wala mkojo. Unachoma kijiti mahali kadhaa, unakirudisha ndani ya kichupa, unafunga na kupeleka maabara. Hakuna sindano wala maumivu.

Wenzetu wa nchi nyingine wamekifanya kipimo hiki kuwa jambo la kawaida. Japani iliingiza kipimo cha namna hii katika huduma zake mwaka 1992. England ilianza mpango wake mwaka 2006, na siku hizi watu wa miaka 50 hadi 74 hutumiwa kichupa kwa posta kila baada ya miaka miwili. Kwetu Uganda barua ya namna hiyo haiji nyumbani. Ni lazima mtu aende mwenyewe na aulize.

Kipimo hiki lakini hakisemi damu imetoka wapi. Katika nchi zetu damu inaweza kutokana na amiba, kuhara damu, bawasiri, au kichocho, hasa kwa wakaao kando ya maziwa makubwa. Kwa hiyo mtu akiambiwa kuna damu asidhani kwamba amehukumiwa kifo. Maana yake ni kwamba uchunguzi lazima uendelee. Daktari huweza kuingiza mpira mwembamba wenye taa na kamera kupitia njia ya haja kubwa, akaangalia utumbo wote kwa ndani, akakata kinundu au kipande kidogo cha nyama kwa ajili ya maabara.

NANI APIME, NA LINI?

Tugawanye watu katika mafungu matatu.

Fungu la kwanza ni wenye afya, wasio na dalili yoyote, waliofika miaka 45 au 50. Hawa waulize juu ya kipimo cha damu iliyojificha, na wakirudie kila mwaka au miaka miwili kwa kadiri watakavyoelezwa.

Fungu la pili ni wale ambao mzazi, kaka au dada yao amepata saratani ya utumbo. Hawa wasingoje umri huo. Waanze wakiwa na miaka 40, au miaka 10 kabla ya umri ambao ndugu yao aliugundua ugonjwa, kwa kufuata ule unaotangulia.

Fungu la tatu ni wenye dalili, wa umri wowote ule. Dalili zenyewe ni damu chooni, choo kilichobadilika kwa zaidi ya wiki tatu (kuhara au kufunga kusiko kwa kawaida yako), kuhisi choo hakijaisha hata baada ya kutoka, maumivu ya tumbo yanayorudi, kukonda bila sababu, na uchovu wa kupungukiwa damu. Watu hawa wasingoje kichupa. Waende wakamwone mganga wa hospitali mara moja, na wamwambie wazi kwamba wanataka kujua damu inatoka wapi. Ukipewa dawa ya amiba au ya bawasiri na damu isikome, rudi. Usinunue kopo la pili. Mficha maradhi, kifo humuumbua.

Njia ya kuanzia ni kituo cha afya cha daraja la tatu au la nne kilicho karibu, kisha hospitali ya wilaya au ya rufaa. Huduma ya mwisho iko Kampala katika Taasisi ya Saratani ya Uganda, iliyoanzishwa mwaka 1967 pale Mulago.

CHENJI INAPOTELEA WAPI?

Tangu mwaka 2001 ada katika vituo vya afya vya serikali zilifutwa. Lakini kila mfanyakazi anajua kwamba kuna nauli ya kwenda na kurudi, chakula cha siku nzima kwenye foleni, na kipimo ambacho hakipo pale na unaelekezwa maabara ya nje. Fedha hizo huonekana nyingi zikitakiwa siku moja. Zikikusanywa kidogo kidogo hazituumizi.

Tufanye hesabu. Shilingi 500 kila siku ya kazi, kwa siku 26, ni shilingi 13,000 kwa mwezi. Kwa mwaka ni shilingi 156,000. Haba na haba hujaza kibaba.

Mwenzetu atauliza: hizo 500 zitoke wapi? Tuzitafute pale zinapopotelea. Ya kwanza ni dukani. Mara ngapi tumepokea peremende badala ya sarafu ya 100 au 200? Tudai chenji yetu, au tumwombe mwenye duka aiandike daftarini mpaka ifike kiasi cha kuchukuliwa. Ya pili ni sigara za rejareja na pombe ya jioni. Hapa faida ni mbili kwa pamoja, kwa sababu tumbaku na pombe vyote viwili huongeza hatari ya saratani ya utumbo. Ya tatu ni soda na soseji. Mwaka 2015 wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Duniani walitangaza kwamba nyama za viwandani, kama soseji, husababisha saratani ya utumbo. Sahani ya maharagwe na posho ya unga usiokobolewa, au uji wa wimbi, hushibisha na kuulinda utumbo.

Sarafu hizo zitiwe katika kibubu, na kibubu kiandikwe juu yake: YA HOSPITALI. Kisichanganywe na fedha ya ada za shule wala ya sikukuu. Wanaotumia akiba ya simu wakumbuke kwamba kila kutoa fedha kuna ada, na tangu mwaka 2018 kuna pia kodi ya nusu asilimia juu ya kiasi kinachotolewa. Afadhali kutoa mara moja kiasi kinachohitajika kuliko kutoa vipande vipande.

Njia iliyo bora zaidi ni kuweka pamoja. Watu kumi wa zamu moja au wa mstari mmoja wa nyumba wakiweka shilingi 500 kila siku ya kazi, kwa mwezi wanazo shilingi 130,000. Sanduku liwe na kufuli mbili, funguo zikae kwa watu wawili tofauti, na daftari lisomwe mbele ya wote kila mwisho wa mwezi. Mmoja akipata dalili, anapewa nauli kesho yake asubuhi bila maswali ya kumwaibisha. Inatosha aseme, "Nakwenda kupima."

KAZI YA CHAMA

Hatusemi kwamba sarafu zitalipa upasuaji na dawa za saratani. Hazitoshi, na asiwepo mwajiri au kiongozi wa kujificha nyuma ya kibubu cha maskini. Kibubu kinamfikisha mtu mlangoni mapema. Yaliyobaki ni ya kudai.

Sheria ya Ajira ya Uganda ya mwaka 2006 inampa mfanyakazi aliyetimiza mwezi mmoja kazini haki ya mshahara kamili kwa mwezi wa kwanza wa kutokuwapo kwa ajili ya ugonjwa. Anatakiwa amwarifu mwajiri mapema na alete cheti cha mganga akiombwa. Lakini mtu mwenye afya anayekwenda kupima hajaugua bado, na huyo ndiye anayekatwa siku yake. Basi wajumbe wetu walete katika mkataba wa pamoja mambo matatu: siku moja ya kupima kila mwaka kwa malipo kwa kila mfanyakazi aliyefika miaka 45, mchuma chai na mkata miwa wakihesabiwa wastani wa siku zao, zahanati ya kambi iwe na vichupa vya kipimo, na vyoo vyenye mlango viwe karibu na mashamba, maana mtu anayejisaidia kichakani kabla ya mapambazuko hawezi kuona kama choo chake kina damu.

Katika mkutano ujao wa tawi tunaomba kila mmoja aje na sarafu moja ya shilingi 500. Sanduku litakuwa mezani, na daftari litafunguliwa kwa jina la mwenzetu tuliyemzika.

Umoja ni nguvu.