Hitilafu ya Stellarium kujifunga inapoanza

Stellarium ni programu huria ya kompyuta inayoonyesha anga jinsi inavyoonekana kutoka mahali popote na wakati wowote unaochaguliwa. Ilianzishwa na Mfaransa Fabien Chéreau mwanzoni mwa miaka ya 2000, toleo 1.0 lilitolewa Oktoba 2022. Hitilafu yake mojawapo ni kuonyesha picha ya mwanzo kwa sekunde chache kisha kujifunga yenyewe.

Programu hii inafaa sana katikati ya Dar es Salaam. Taa za maduka na barabara za Kariakoo hufifisha nyota nyingi, hivyo mwanafunzi anayetafuta Kilimia huiona kwa urahisi zaidi kwenye skrini kuliko akiwa juu ya paa la ghorofa. Lakini kompyuta nyingi zinazouzwa huko ni za mtumba, na hapo ndipo hitilafu hii hujitokeza.

Sababu

Stellarium huchora anga kwa kutumia OpenGL, yaani utaratibu unaoiwezesha programu kuiamuru kadi ya michoro. Inahitaji angalau OpenGL 2.1. Kadi ya Intel GMA 950, iliyotoka mwaka 2005, inaishia 1.4, kwa hiyo haiwezi.

Sababu ya pili hukuta hata mashine nzuri. Fundi akishapiga window, kadi ya michoro huhitaji kiendeshi chake (mafundi husema draiva). Windows 10 hukitafuta yenyewe ikiwa na intaneti, lakini kompyuta isiyo na bando hubaki na kiendeshi cha msingi cha Microsoft, ambacho hutoa OpenGL 1.1 tu. Hati zinafunguka, filamu zinacheza, ila Stellarium inagoma. Mwenye mashine hudhani ina virusi na kuirudisha kwa fundi. Ikipigwa window tena bila kiendeshi, faili zisizohifadhiwa kwingine hupotea na hitilafu inabaki palepale.

Utatuzi

Kabla ya kulipa chochote, inafaa kusoma faili log.txt iliyomo katika folda ya Stellarium ndani ya AppData\Roaming. Humo hutajwa kadi ya michoro na toleo la OpenGL. Yakionekana maneno "GDI Generic", kiendeshi hakipo. Kipakuliwe kutoka tovuti ya mtengenezaji wa kompyuta au wa kadi, kisha mashine izimwe na kuwashwa.

Ikiwa kadi yenyewe ni ya zamani, kwenye Windows Stellarium inaweza kuanzishwa kwa hali ya MESA, ambapo prosesa hufanya kazi ya kadi. Anga itasogea polepole, lakini itaonekana. Pia matoleo yaliyojengwa kwa Qt6 yanahitaji Windows 10 au zaidi. Mwenye Windows 7 achukue la Qt5.

Programu iliyokuwa ikifanya kazi jana na leo imegoma huenda imeharibikiwa faili ya mipangilio, config.ini. Ikibadilishwa jina, Stellarium hutengeneza nyingine.

Ikishafunguka, inaweza kujaribiwa kwa kuweka mahali pawe Rujewa, mkoani Mbeya, na tarehe iwe 1 Septemba 2016, karibu saa 6 mchana. Jua lionekane kama pete, kama lilivyoonekana huko siku hiyo.