Jina la Bibi katika Koo za Freretown

Anayemtafuta mhenga wa kike huko Kisauni hukabiliwa na tatizo la lugha kabla ya lile la historia. Freretown, kijiji kilichoanzishwa na wamisionari wa Church Missionary Society mwaka 1875 kwa ajili ya watumwa waliookolewa baharini, kiliwapokea watu waliokwisha kutengwa na jamaa zao. Mwanamke wa pwani alijulikana kwa baba yake: fulani binti fulani. Aliyeshushwa Freretown alibatizwa kwa jina la Kibiblia au la Kizungu. Akiolewa, jina lililomfuata lilikuwa la mume.

Wanaume nao walibatizwa, lakini jina la asili la mwanamume liliweza kuokoka kwa kugeuka jina la ukoo. Mfano ulio wazi ni Mbotela: jina la mtoto aliyetekwa lilichukuliwa na mwanawe, James Mbotela, mtungaji wa *Uhuru wa Watumwa* (1934). Jina la mama halikuwa na njia hiyo.

Maneno ya kabila nayo yapasa kupimwa. “Mnyasa”, hasa, lilitumika pwani kwa watu wa makabila mengi waliotoka pande za ziwa. Halitaji kijiji, wala halithibitishi lugha aliyoinyonya mtu kwa mamaye. Wale waliotoka Nasik, karibu na Bombay, walifika wakiwa tayari na majina ya Kizungu.

Linabaki jina la nyumbani, ambalo daftari la kanisa halikulihitaji. Swali lenye manufaa kwa wazee ni hili: bibi aliitwaje na wenziwe jikoni, na ni mjukuu yupi aliyerithishwa jina hilo?