Ardhi ya Akiba Si Ardhi Tupu

Kila kada hujua kueleza kwamba ardhi ya Tanzania Bara ni mali ya umma. Wachache huongeza kwamba umma huo si sisi tulio hai peke yetu.

Mwaka 1958 serikali ya kikoloni ilipokusudia kuruhusu watu binafsi kumiliki ardhi moja kwa moja, Mwalimu Nyerere alipinga katika andiko lake Mali ya Taifa. Hoja yake ilikuwa wazi: ardhi hakuiumba mtu, ikifanywa bidhaa, wenye fedha wataimaliza, na kizazi kijacho cha wenyeji kitakuwa wapangaji kwao wenyewe. Ndiyo maana mwaka 1963, mara baada ya uhuru, umilikaji wa namna hiyo ulifutwa. Sheria za mwaka 1999 zimeushika msingi huo: Rais ni mdhamini wa ardhi kwa niaba ya raia wote, na hati inayotolewa na Serikali haizidi miaka 99.

Lakini sheria hizo zenyewe zina mgongano unaofaa kuchambuliwa. Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Na. 5, inatambua ardhi ya pamoja, ardhi iliyokwisha kukaliwa, na ardhi inayosubiri kugawiwa. Hiyo ya tatu ndiyo akiba ya watoto. Sheria ya Ardhi, Na. 4, kwa upande wake, inahesabu ardhi ya kijiji "isiyotumika" kuwa ardhi ya jumla, yaani iliyo nje ya mikono ya kijiji. Nani basi aamue kwamba haitumiki?

Tutazame ngitili za Wasukuma. Masika hufungwa, majani yakue; kiangazi hufunguliwa, ng'ombe wale. Mgeni akipita mwezi Machi haoni mfugo hata mmoja, naye huandika: pori. (Ripoti za namna hii huandikwa garini.) Katika Shinyanga, mradi wa HASHI ulioanza mwaka 1986 ulifufua ngitili nyingi kwa kuutegemea utaratibu huo huo wa wazee.

Ardhi ya kijiji ikitakiwa kuhamishwa, mkutano wa kijiji una uwezo wa kukubali au kukataa eneo lisilozidi hekta 250. Likizidi hapo, mkutano hutoa mapendekezo tu, na uamuzi ni wa Waziri. Hivyo kada afikapo kijijini aulize kwanza kama ngitili na akiba zimechorwa katika mpango wa matumizi ya ardhi. Kama hazimo, mkutano uitishwe kabla mwombaji hajafika.