Akili Isiyolala: Kutuliza Mawazo Yanayokimbia

Leo tuongee juu ya mawazo.

Ni saa nane za usiku. Watoto wamelala, hata redio ya jirani imenyamaza. Wewe uko macho, unapiga hesabu: kodi ya nyumba, karo, maji ya mitungi, na kesho haijulikani kama kule Loresho kutakuwa na nguo za kufua. Wazo moja linavuta lingine. Wengi wetu husema, "Ninafikiria sana." Wengine husema wana presha, na hawajapimwa.

Akili ikiona hatari, huuamuru mwili ujitayarishe kukimbia au kupigana. Moyo unaenda mbio, pumzi zinakuwa fupi, shingo inakaza. Hiyo ni faida ukikaribia kugongwa na matatu pale Waiyaki Way. Lakini deni halikimbiwi wala halipigwi ngumi, kwa hivyo mwili unabaki umejitayarisha hadi asubuhi.

Sasa jaribu hivi. Keti, nyayo zako ziguse sakafu. Vuta pumzi kwa pua polepole, ukihesabu moja hadi tatu, tumbo lijae. Itoe polepole vilevile. Sikia tu pumzi inavyoingia na kutoka. Wazo la kodi litakuja, usipigane nalo. Sema moyoni, "Hili ni wazo la kodi," kisha urudi kwenye pumzi. Litakuja tena, urudi tena. Wengi hukata tamaa hapa wakidhani wameshindwa, kumbe kule kurudi ndiko zoezi lenyewe. Dakika tano zatosha. Kama kufumba macho kunakuletea kumbukumbu mbaya, yaache wazi, utazame kitu kimoja ukutani. Na kama hupati nafasi ya kuketi (mama gani anayo?), fanya ukiosha vyombo: sikia maji, povu, uzito wa sufuria.

Mtaalamu Jon Kabat-Zinn alianza kuwafundisha wagonjwa mazoezi ya aina hii huko Massachusetts, Marekani, mwaka 1979. Asili yake ni kwa Wabudha, lakini yeye aliyafundisha kama tiba, si dini. Mwenye kusali na aendelee kusali.

Wala msidhani msaada wa namna hii ni wa watu wa ng'ambo peke yao. Mwaka 2017 yalichapishwa matokeo ya utafiti ambao Shirika la Afya Duniani lilishiriki, uliofanywa katika vitongoji vya Nairobi na wanawake 421 waliolemewa na mawazo, wengi wao wakiwa wamepitia dhuluma. Waliowafundisha hawakuwa madaktari bali wahudumu wa afya wa mitaani. Katika vikao 5 walijifunza kupumua polepole, na pia kushughulikia shida moja moja na kutafuta watu wa kuwasaidia. Walipata nafuu kuliko wenzao waliopewa huduma ya kawaida.

Angalia, kupumua kulikuwa sehemu moja tu. Pumzi hailipi kodi. Ukishatulia, jiulize: katika haya yote, lipi naweza kulifanyia kitu kesho? Pengine ni kumwendea mwenye nyumba kabla ya tarehe, au kuwaeleza wenzako wa chama.

Na kama kinachokunyima usingizi ni mtu anayekupiga, usijifunze kumvumilia kwa kupumua. Piga simu 1195, haina malipo.

Nawe uliyejifungua, ikiwa hupati usingizi hata mtoto akiwa amelala, ikiwa huzuni imepita wiki mbili, nenda ukamweleze muuguzi ukimpeleka mtoto kliniki. Lakini ukijiwa na wazo la kujidhuru au kumdhuru mtoto, usingoje siku ya kliniki. Mwamshe jirani mtoke hospitali usiku huo huo.