Mita au Futi? Kipimo cha Kina na Usalama wa Mzamiaji katika Ziwa Tanganyika

Fundi seremala wa Magamba, karibu na mji wa Mpanda, anapokwenda kununua mbao huomba "mbili kwa nne", naye muuzaji huelewa mara moja kwamba zinazotajwa ni inchi. Mwenzake fundi bomba huagiza bomba la nusu inchi. Mkulima wa hapo hapo hulihesabu shamba lake kwa ekari, lakini mavuno yake huyapima kwa kilo, na umbali wa kwenda sokoni huutaja kwa kilometa. Mifumo miwili ya vipimo inaishi katika kijiji kimoja bila ugomvi. Fundi akikosea, msumeno humsaidia kusahihisha.

Lakini wako watu ambao kosa la kipimo haliwapi nafasi ya kusahihisha. Miongoni mwao ni wazamiaji wanaoshuka majini wakiwa na mtungi wa hewa mgongoni na kompyuta ndogo iliyofungwa mkononi mithili ya saa. Kompyuta hiyo huweza kuonyesha kina kwa mita au kwa futi, kama mwenyewe atakavyoiwekea. Je, uchaguzi huo una uzito gani?

Asili ya vipimo

Binadamu alianza kupima kwa mwili wake. Waswahili walikuwa na shibiri, ambayo ni urefu kutoka ncha ya kidole gumba hadi ncha ya kidole cha mwisho, kiganja kikiwa kimekunjuliwa. Walikuwa pia na mkono, na pima, yaani mikono minne, ambayo ni upana wa mikono miwili iliyonyooshwa. Mabaharia wa Kiingereza nao walipima kina kwa kipimo cha namna hiyo hiyo, chenye urefu wa futi sita. Kasoro ya vipimo hivyo ni kwamba miili ya watu hailingani. Ndiyo sababu mataifa yalitafuta vipimo visivyotegemea mwili wa mtu yeyote. Leo hata futi yenyewe hupata maana yake kutoka katika mita: tangu mapatano ya mwaka 1959, futi moja ni mita 0.3048 kamili.

Kompyuta hupima nini hasa?

Wengi hudhani kwamba kompyuta ya mzamiaji hupima kina. Sivyo. Kompyuta hupima kanieneo, yaani kani ya maji na hewa inayosukuma kila eneo la uso wake. Kina ni matokeo ya hesabu tu. Katika maji ya bahari, kila mita 10 za kina huongeza kanieneo kwa kiasi cha bari 1, ambayo ni karibu sawa na kanieneo ya angahewa yote iliyo juu ya pwani. Kwa wanaotumia futi, kiasi hicho hupatikana kila baada ya futi 33.

Hapa ubora wa mita huonekana wazi. Mzamiaji aliye baharini katika kina cha mita 20 hugawa kwa 10, akajumlisha 1 kwa ajili ya angahewa, akapata bari 3. Ikiwa juu ya maji hutumia lita 20 za hewa kwa dakika, basi huko chini atatumia lita 60. Mtungi wa lita 12 uliojazwa hadi bari 200 una takriban lita 2,400 za hewa. Hesabu zote hizo mwanafunzi wa kidato cha kwanza huzifanya kichwani. Anayetumia futi, pauni kwa inchi mraba na futi za ujazo hufika kwenye jibu lile lile, lakini kwa njia ndefu yenye vigingi vingi.

Hatari iko wapi?

Inafaa kutazama vizuri ni namba zipi zinazoweza kumdanganya mtu. Mtungi uliojaa huonyesha bari 200 hivi, au takriban pauni 3,000 kwa inchi mraba. Tofauti hiyo ni kubwa mno kiasi kwamba hakuna awezaye kuikosa. Joto la maji huonyesha nyuzi 26 za Selsiasi au nyuzi 79 za Farenhaiti. Hapa pia kosa hujifichua lenyewe.

Kina ndicho chenye hila. Namba 18, 30 au 40 zina maana katika mifumo yote miwili. Mzamiaji aliyezoea futi akiazima kompyuta iliyowekewa mita, akasoma 18, aweza kudhani kwamba yuko futi 18, yaani mita tano na nusu, ambapo angeweza kukaa kwa muda mrefu bila wasiwasi. Kumbe yuko karibu futi 59 chini. Hewa yake inakwisha upesi kuliko anavyotarajia, na naitrojeni inayeyuka kwa wingi katika damu yake. Akipanda upesi, gesi hiyo hutoka kwa mapovu, kama soda iliyofunguliwa ghafla, na mapovu hayo huweza kuumiza viungo, kupoozesha na hata kuua.

Makosa ya aina hii hayawapati wazamiaji peke yao. Mwezi Julai 1983 ndege ya Air Canada aina ya Boeing 767 iliishiwa mafuta ikiwa angani, kwa kuwa iliwekewa pauni 22,300 badala ya kilo 22,300. Rubani aliitelezesha bila injini hadi Gimli, na watu wote 69 wakaokoka. Mwaka 1999 chombo cha Marekani, Mars Climate Orbiter, kilipotea kilipofika kwenye sayari ya Mirihi, kwa sababu kundi moja la wahandisi lilitoa hesabu kwa pauni na kundi jingine lilizipokea kana kwamba ni nyutoni.

Ziwa lililo juu ya bahari

Hata hivyo, kuchagua mita hakutoshi. Ziwa Tanganyika, ambalo mwambao wake katika Mkoa wa Katavi unapita Karema na Ikola, lina kina cha mita 1,470 na maji yake ni baridi. Uso wake uko takriban mita 773 juu ya usawa wa bahari. Mwaka 1858, msafiri John Hanning Speke alijaribu kupima mwinuko huo kwa joto la maji yanayochemka, akapata takriban futi 1,850. Ukweli ni zaidi ya futi 2,500. Kosa lake halikutokana na futi, bali kipimajoto chake. Kipimo sanifu hakiponyi chombo kibovu.

Katika uso wa ziwa, kanieneo ya angahewa ni takriban bari 0.92 tu. Mzamiaji aliyeshuka mita 20 yuko kwenye bari 2.88, akirudi juu, kanieneo hupungua zaidi ya mara 3.1. Baharini, kutoka mita 20 hupungua kama mara 3 tu. Kwa hiyo mita 20 za Tanganyika zahesabiwa kuwa sawa na zaidi ya mita 21 za bahari. Baadhi ya kompyuta hutambua mwinuko zenyewe; nyingine hungoja kuambiwa na mwenyewe.

Isitoshe, aliyezamia Karema kisha akapanda gari kurudi Magamba bado anaendelea kupanda, maana nyanda za Mpanda ziko kiasi cha mita 1,100. Wanaotaka kusafiri kwa ndege hushauriwa wasubiri angalau saa 12 baada ya kuzamia mara moja, na saa 18 baada ya kuzamia mara kadhaa. Barabara ya mlimani nayo hufuata fizikia ile ile, ingawa kwa kiwango kidogo. Mwili haujui kama umebebwa na ndege au na basi.

Jaribio la darasani

Walimu wa Magamba na wa nyanda nyingine za juu wanayo maabara isiyohitaji fedha. Wanafunzi wachemshe maji safi na kusoma kipimajoto: kikiwa sahihi, kitaonyesha karibu nyuzi 96 na nusu za Selsiasi, wala si 100. Kisha wakadirie kanieneo ya angahewa ya mahali pao, na kulinganisha majibu yao na ya Speke.

Mwisho, kila jibu na liandikwe pamoja na kipimo chake. Mwalimu anayekata alama kwa sababu mwanafunzi ameandika "18" bila kusema ni mita au futi asionekane mkali. Anamfundisha jambo ambalo siku moja laweza kuokoa maisha ya mtu.